TAHARIRI: KIPIMO KIPIME JIKO, KISIMPIME MPISHI PEKE YAKE



Mwezi uliopita alifika ofisini mwetu ndugu mmoja mpishi, mtu wa makamo ambaye ametumikia jiko kwa miaka mingi. Mkononi alishika barua ya kufukuzwa kazi. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Watu kadhaa walikula chakula cha mchana katika kantini ya kiwanda, usiku wakaharisha na kutapika. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyepika, basi yeye ndiye mwenye makosa. Hakuna aliyepima chakula. Hakuna aliyepima maji. Sufuria zilikuwa zimekwisha kuoshwa kabla Bwana Afya hajafika. Kilichopimwa ni mpishi mwenyewe: alipelekwa maabara kutoa choo, na majibu yakaonyesha kwamba hana ugonjwa. Hata hivyo barua haikufutwa.

Ndugu huyo alituuliza neno moja tu: "Mimi nimepimwa nikaonekana mzima. Je, jiko limepimwa lini?"

Shauri lake liko mbele ya Halmashauri na hatutalisema zaidi hapa. Lakini swali lake ni la kila mwanachama anayeshika chakula: mpishi, mwosha vyombo, mkata nyama, mpakia maziwa, weita, na mama wa kantini ya shule. Tena ni swali la kila mfanya kazi anayekula chakula cha kazini, maana akiugua yeye ndiye atakayekatwa mshahara.

Siku hizi swali hilo limepata uzito mpya. Vimekuja vyombo vidogo vya kupimia vijidudu vya ugonjwa, vyombo vya kuchukulika mkononi au mkobani, ambavyo vyaweza kutumiwa jikoni na kiwandani penyewe. Wengine watavipenda, wengine wataviogopa. Chama chetu kinasema hivi: vyombo vije, lakini vije kupima kazi, visije kuwa fimbo ya kumpigia mfanya kazi.

CHETI SI KINGA YA JIKO ZIMA

Sheria ya Kenya yataka mtu anayeshika chakula cha watu awe amepimwa na kupewa cheti cha afya, nacho hufanywa upya kila miezi sita. Hatukatai sheria hiyo. Mtu aweza kuonekana mzima huku amebeba vijidudu vya homa ya matumbo, akawaambukiza wengine bila kukusudia. Kumpima ni haki.

Lakini tazameni mambo yalivyokwenda mwaka 2017. Kipindupindu kiliingia Nairobi, kikawashika hata watu waliohudhuria mkutano katika hoteli kubwa. Serikali ikavifuta vyeti vya washika chakula na kuamuru wapimwe upya katika siku 21. Amri ile ilimwangukia mpishi kwanza, na wengi wetu twajua fedha za kupimwa zilitoka mfuko wa nani. Lakini kipindupindu husafiri sana kwa maji! Cheti chasema ulivyokuwa siku ile uliyopimwa. Hakisemi neno juu ya tangi la maji lililopasuka, nyama iliyoletwa katika gari la joto, friji inayozimwa usiku ili kupunguza gharama ya umeme, wala choo cha wafanya kazi kisichokuwa na sabuni.

Tena kumbukeni mwaka 2023, katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Kakamega. Wanafunzi wengi waliugua, na wengine wakafa. Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba vijidudu vya kuharisha na vya homa ya matumbo vimeonekana, shule ilikuwa imekwisha kufungwa na watoto wako makwao. Kama maji na chakula vingalikuwa vikipimwa mara kwa mara, pengine wazazi wale wasingalilia. Kinga ni bora kuliko tiba.

VIJIDUDU HAVINGOJI MAABARA

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuka, na watu 420,000 hufa. Kati ya hao, 125,000 ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Katika Afrika peke yake, vifo vilihesabiwa kuwa 137,000 kwa mwaka.

Kisa chake ni rahisi kukifahamu. Kijidudu kimoja kikipata joto la kukifaa na chakula cha kukifaa chaweza kugawanyika kuwa viwili katika dakika 20. Fikirini mchuzi uliopikwa saa kumi na moja alfajiri, ukaachwa mezani ukiwa vuguvugu mpaka saa sita mchana. Ni muda wa saa saba. Kijidudu kimoja kilichouingia mapema chaweza kuwa zaidi ya milioni mbili kabla weita hajaweka sahani ya kwanza. Mchuzi hautanuka. Rangi yake haitabadilika. Mpishi ataonja na kuuona mzuri.

Njia ya zamani ya kuvikamata vijidudu hivi ni kuvipanda katika kisahani chenye chakula chao na kungoja viote mpaka vionekane kwa macho. Kisahani hicho chajulikana kwa jina la Mjerumani Petri, aliyekieleza mwaka 1887, na mpaka leo maabara zakitumia kwa sababu ni njia ya kuaminika. Ubaya wake ni kungoja. Kijidudu cha Salmonella, kwa mfano, chataka siku tatu hata tano mpaka majibu yawe kamili. Siku tano! Chakula kimekwisha kuliwa, sufuria imekwisha kuoshwa, na mpishi amekwisha kuandikiwa barua.

VYOMBO VYENYEWE NI VIPI?

Kupima kwa haraka si jambo geni kwetu. Ndugu zetu wanaopokea maziwa katika vituo vya ushirika wanajua kazi hii tangu zamani. Maziwa kidogo huchanganywa na spiriti kiasi kile kile, yakiganda hurudishwa. Iko pia dawa ya buluu iitwayo resazurini: ikitiwa katika maziwa yenye vijidudu vingi huacha ubuluu ikawa ya waridi, na mwisho nyeupe. Mpokeaji hana haja ya kumngoja daktari. Anaona kwa macho yake, na mwenye maziwa anaona pia. Hiyo ndiyo heri ya kipimo cha wazi: hakuna ugomvi.

Sasa viko vyombo vingine. Tutavieleza kwa ufupi ili mwanachama akivikuta kazini asibabaike.

Cha kwanza ni kijiti chenye pamba. Unapangusa ubao wa kukatia nyama au mashine, unakitumbukiza katika dawa, kisha unakitia katika chombo kinacholingana na simu kubwa. Dawa hiyo hufanya kazi kwa siri ile ile ya kimulimuli, mdudu awakaye usiku: ikikuta mabaki ya kitu chenye uhai hutoa mwanga, na chombo huuhesabu. Majibu hutoka katika nusu dakika.

Cha pili ni karatasi yenye mistari, ndugu yake kile kipimo cha malaria mnachokiona zahanati. Kila aina ya kijidudu ina karatasi yake. Mstari wa pili ukitokea, kijidudu hicho huenda kimo.

Cha tatu hutafuta chembe za urithi za kijidudu. Njia moja, iliyotangazwa na Wajapani mwaka 2000, yahitaji joto moja tu la karibu digrii 65, na kwa muda upatao saa moja huzizidisha chembe hizo mpaka zionekane. Kwa hiyo mashine yake yaweza kuwa ndogo na kutumia betri.

Cha nne ni cha maji, nacho ni rahisi kuliko vyote: chupa yenye karatasi iliyotiwa dawa. Wahindi walikieleza mwaka 1982. Unatia maji, unayaacha mahali penye joto siku moja au mbili. Yakiwa meusi, yadhaniwa yameingiliwa na kinyesi. Chombo hiki hakihitaji umeme.

MUUZAJI HASEMI YOTE

Ndugu, mtu akija kuuza chombo atasema ni cha ajabu. Yatupasa kujua yale asiyoyasema.

Chombo cha mwanga hakijui kijidudu cha ugonjwa. Mabaki ya mchuzi yatakiwasha vile vile. Kinasema "hapa si safi," hakisemi "hapa pana ugonjwa." Kwa hiyo mtu asifukuzwe kwa sababu ya nambari ya mwanga.

Karatasi yenye mistari hujibu kwa robo saa, ni kweli; lakini vijidudu katika chakula huwa vichache mno, kwa hiyo kipande cha chakula sharti kwanza kilowekwe katika maji ya lishe na kuwekwa penye joto saa 8 hata 24, ili vijidudu viongezeke. Mara nyingi kinachotakiwa ni kwamba Salmonella isionekane kabisa katika gramu 25 za chakula, na bila kulisha vijidudu namna hiyo karatasi yaweza kukosa kilichomo. Chombo cha chembe za urithi nacho mara nyingi chahitaji matayarisho hayo hayo.

Hapo pana hatari kwa mfanya kazi mwenyewe. Chupa iliyolishwa usiku kucha, ikiwa ina Salmonella, sasa ina mamilioni. Si chupa ya kuwekwa karibu na mikate, wala ya kumwagwa katika sinki la jikoni na kijana asiyepewa glovu. Kazi hiyo yataka chumba chake, mtu aliyefundishwa, na njia ya kuviua vijidudu kabla ya kuvitupa. Mwajiri asiyekuwa na chumba hicho apeleke vipande vyake maabara.

Tena iko sumu. Vijidudu vingine, kama vile vinavyokaa katika kidonda cha mkono, huacha sumu katika chakula. Ukichemsha chakula, vijidudu hufa lakini sumu hubaki. Kipimo kinachotafuta vijidudu tu chaweza kusema chakula ni salama, na watu bado wakatapika.

Na mwisho, kipande kilichopimwa ni kipande kimoja. Sufuria ya githeri ya watu mia mbili haiwezi kupimwa yote, maana ukiipima yote watu watakula nini? Jambo hili Wamarekani waliliona zamani. Mwaka 1959 kampuni ya Pillsbury ilipoanza kutengeneza chakula cha wasafiri wa anga za juu, wataalamu waliona kwamba kupima chakula kilichokwisha tengenezwa hakutoshi. Ili kuwa na hakika wangepima karibu chakula chote kikaisha. Wakageuza mpango: walinde kila hatua ya kazi, tangu mzigo unapopokelewa mpaka unapofungwa, na kipimo kiwe cha kuhakikisha tu. Mpango huo ndio unaofuatwa leo katika viwanda vya chakula duniani.

Sasa jiulizeni: ni nani anayesimama katika kila hatua ya kazi? Ni meneja aliye ofisini? La. Ni sisi.

FUNZO LA AFRIKA KUSINI

Mwaka 2017 madaktari wa Afrika Kusini waliona watoto wachanga wengi mno wakiugua ugonjwa unaoletwa na kijidudu cha Listeria. Kijidudu hiki ni kibaya kwa namna yake, maana hukua hata ndani ya friji. Tena mtu aweza kula leo akaugua baada ya siku 70, hata hakumbuki alikula nini. Kwa hiyo miezi ilipita bila chanzo kujulikana. Mwezi wa Januari 2018 watoto wadogo wa kituo kimoja cha kulelea watoto huko Soweto waliugua. Maafisa wa afya wakafungua friji ya kituo, wakachukua soseji nene iitwayo poloni, wakaipima. Tarehe 4 Machi 2018 Serikali ikatangaza kwamba chanzo ni kiwanda kimoja cha nyama mjini Polokwane. Mpaka katikati ya mwaka ule wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060, na waliokufa 216. Haujaandikwa mlipuko mwingine wa ugonjwa huo mkubwa kuliko ule.

Kiwanda kilifungwa na mashine zikasimama. Mwenye kiwanda kikubwa ana benki na wakili. Mfanya kazi ana kodi ya nyumba na karo ya watoto. Basi asiwepo mwanachama wa kusema kwamba vijidudu ni shauri la wanunuzi na matajiri. Kiwanda kichafu huua mlaji, kisha huua kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa namna ile huonekana kwanza na yule anayepiga deki, akiona maji yametuama chini ya mashine kila jioni.

MATAKWA YETU

Kwa hiyo, katika mapatano na waajiri, matakwa yetu ni haya:

1. Gharama ya kupimwa na ya cheti cha afya ilipwe na mwajiri, na saa za kwenda kupimwa zihesabiwe kuwa saa za kazi.

2. Kabla ya kununua mashine ya kuhesabu mwanga, vipatikane vile vya lazima: maji safi, sabuni, choo cha kufaa, friji isiyozimwa, na kipimajoto cha chakula. Chakula kipikwe mpaka ndani kifike digrii 70. Cha moto kikae juu ya digrii 60, cha baridi chini ya 5. Na kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Kipimajoto ni chombo kidogo kuliko vyote, nacho huzuia mengi.

3. Pale panapotumiwa vyombo vya kupimia, majibu yote yaandikwe katika daftari lililo wazi kwa kamati ya usalama na afya. Sheria ya mwaka 2007 yaamuru kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati hiyo, yenye wajumbe wa wafanya kazi. Je, mahali pako ipo?

4. Majibu mabaya yasimamishe kazi, yasimwangushe mtu. Kwanza pasafishwe, kisha papimwe tena, na maabara ithibitishe. Asiadhibiwe mtu kwa kipimo kimoja cha haraka.

5. Wanaovitumia vyombo hivyo wafundishwe kwa lugha wanayoifahamu, na vijidudu visioteshwe mahali pa kupikia.

6. Mgonjwa apumzike kwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyetumika miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu. Lakini kibarua wa siku je? Akiharisha leo, akibaki nyumbani halali na kitu. Kwa hiyo huja, hujikaza, na kukata kachumbari. Mtu wa namna hiyo angepaswa kukaa mbali na chakula mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha kukome. Hakuna chombo duniani kitakachoziba tundu hilo. Litazibwa na mshahara wa siku za ugonjwa.

NA SISI JE?

Ndugu, tukidai haki yatupasa kutimiza wajibu. Osha mikono kwa sabuni, hata kama hakuna anayekutazama. Usikate saladi kwa kisu ulichokatia kuku mbichi. Ukiwa na kidonda, kifunge na umwambie msimamizi. Ukiona friji imekufa, sema siku ile ile, na uiandikie kamati. Sheria yamkataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa sababu ametoa lalamiko la usalama. Akithubutu, njoo ofisini. Mficha uchi hazai.

Na jambo moja la kuanza kesho, lisilohitaji fedha nyingi: kila siku, kabla ya kupakua, tenga kidogo cha kila chakula katika chombo safi chenye mfuniko, andika tarehe na saa, kiweke frijini siku tatu. Watu wakiugua, pana kitu cha kupelekwa maabara.

Ndugu yetu mpishi hakuwa na chombo kile kidogo cha mchuzi. Angalikuwa nacho, pengine kingalimshitaki, na pengine kingalimtetea. Kwa vyovyote ukweli ungalijulikana, naye hakuomba zaidi ya hapo. Mtu aliyepimwa na jiko lisilopimwa hawajasimama sawa mbele ya haki.

Leteni habari za majiko yenu na viwanda vyenu katika mkutano ujao wa tawi: nani analipia cheti, kamati ipo au haipo, na maji yanatoka wapi. Tutaziandika na kwenda nazo mezani.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri